Homa ya Kiangazi Nyumbani kwa Asho

Watu wa mtaa wa Chechelesi, mjini Isiolo, walimwita Mama Kwa Nini, na kusema kweli hawakumsingizia. Asho binti Shuriye alianza kuuliza maswali tangu ulimi wake ulipofunguka, na hakupumzika. Akiwa mtoto wa duksi alimuuliza mwalimu wa Kurani kwa nini jivu halichomi ilhali limetoka motoni. Mwalimu akamtuma maji ili apate kupumua kidogo. Robow alipokuja kumposa, Asho hakuuliza mahari wala ukoo. Aliuliza kwa nini lori lake limeandikwa jina mbele na nyuma hakuna kitu. Robow alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema wasichana wote aliowaona walikuwa wakitazama chini, na huyu anatazama magari. Wakaoana.

Huyo Robow alikuwa mtoto wa askari. Baba yake aliletwa na jeshi la Waingereza, vita vikaisha, akapewa kipande cha ardhi Isiolo akabaki hapo hapo. Mtoto hakushika bunduki, alishika usukani. Alibeba sukari na unga kwenda Garbatulla, akarudi na ngozi na mbuzi, na katika safari hizo aliona jambo lililomkaa rohoni: mifugo ikianguka njiani kwa kiu, soko likiwa karibu kabisa. Alipojaliwa kidogo, alivuta mfereji wa maji ya bomba mpaka nyumbani kwake akajenga hori refu la saruji nyuma ya ukuta, kando ya njia ambayo wafugaji hupita kwenda kuuza. Kila mnyama anywe, na asiulizwe ni wa nani. Ile ilikuwa sadaka ya kudumu, ile ambayo mtu akishafukiwa bado inamwandikia mema.

Na kweli, hakukawia kufukiwa. Mwaka wa sabini na sita kifua kilimbana, na siku ya mwisho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Asho, hori isikauke." Asho akasema halitakauka. Kwa mara moja hakuuliza kwa nini.

Tangu siku hiyo hori lilikuwa mume wake wa pili. Aliamka akalisugua, akafungua mfereji, akakemea kunguru. Siku za soko wafugaji walikuja wakisukumana. Aliyekuja mara nyingi zaidi alikuwa Halkano, Mborana mwenye ndevu chache na mbuzi wengi. Mbuzi wakishashiba maji, Halkano aliinua mikono akasema kwa sauti, "Mungu amrehemu Robow. Amnyweshe huko kama alivyotunywesha hapa." Asho alikuwa ndani ya ua, mgongo ukiegemea ukuta, akiitikia "Amina" polepole. Wiki ambayo hakuisikia dua hiyo alikuwa hana raha, na hakulificha jambo hilo kwa mtu.

Sasa tuje kwenye homa.

Mwanawe Guleid alirithi lori, akaoa msichana wa Nanyuki aitwaye Falis. Falis alikuwa mtu wa baridi, aliyezoea mlima kumwangalia kila asubuhi, na joto la Isiolo alilivumilia kwa ajili ya mume. Walipata mtoto mmoja, Isnino, kitoto cheusi chenye meno ya panya na kelele za kutosha watoto watatu. Asho alimpenda kupita kiasi. Walikuwa wakikaa wote wawili mlangoni, bibi akiuliza na mjukuu akiuliza, hakuna anayejibu, na wote wameridhika.

Lakini Isnino alikuwa akiugua malaria. Si kwamba watoto wengine hawakuugua. Mvua ikinyesha mtaa mzima ulitetemeka, na mama wote walikutana hospitalini kwenye benchi moja. Hilo lilieleweka. Jambo lililomtatiza Asho ni kwamba mjukuu wake aliugua hata kiangazi. Mwaka ule wa themanini mvua ilikataa kabisa, mto ukabaki mawe, nyasi zikawa za kuhadithiwa. Watoto wa jirani walikuwa wazima wakicheza vumbini. Isnino peke yake ndiye aliyelala akichemka, akatapika, akatetemeka, akapona, akakaa kidogo, akaanza tena.

"Kwa nini nyumba yangu?" Asho aliuliza. "Na kwa nini kiangazi?"

Majibu hayakukosekana. Isiolo hakuna upungufu wa majibu. Halkano, alipoulizwa kupitia juu ya ukuta, alisema homa ya kutetemeka inatoka kwa maziwa ya mvua, yale ya mnyama aliyekula majani machanga.

"Lakini mvua hakuna, Halkano. Hiyo majani machanga iko wapi?"

Halkano alikuna ndevu zake. "Hapo sasa sijui, Mama Guleid. Pengine ni maziwa ya mvua ya mwaka jana."

Asho alicheka, lakini hakudharau. Aliyachemsha maziwa ya mtoto mpaka yakafanya ngozi juu, kisha akayakatiza kabisa akampa chai ya rangi. Homa ikaja vile vile. Basi si maziwa.

Gacheri, mama wa Kimeru aliyekuwa na duka kona ya mtaa, alisema dawa ni moshi. Choma majani ya mwarobaini na mavi makavu ya ng'ombe, mbu wote watahama. Asho alikuwa na chetezo chake cha udongo alichokifukizia ubani kila jioni, basi akaongeza mwarobaini na mavi. Nyumba ilijaa moshi hadi Falis akatoka nje akikohoa na shela yake usoni. Mbu walihama, ni kweli, wakahamia chumba cha pili, na moshi ulipokwisha wakarudi. Asho aliwatazama wakirudi. Akaona kwamba hawatoki upande wa choo wala wa mtaro. Wanaingia kupitia dirisha la nyuma, lile la chumba cha Isnino. Alilitia hilo akilini.

Halafu akatoa sandukuni chandarua cha baba mkwe, cha jeshi, cha rangi ya majani, chenye matundu ya kumpitisha kuku. Alikaa nacho mlangoni na sindano, akakishona viraka vya kanga na vya leso mpaka kikawa na rangi zaidi ya soko. Kila siku kabla ya magharibi alimwingiza Isnino ndani, akakunja pindo chini ya godoro. Hilo lilisaidia. Homa ilichelewa. Lakini mtoto wa miaka mitatu hakai ndani ya chandarua tangu magharibi kama kifaranga. Anataka kukojoa, anataka kusikiliza watu wazima wanasema nini. Homa ilirudi.

Falis alikuwa kimya wakati wote huo, na ukimya wake ulikuwa ukimwogopesha Asho kuliko maneno. Siku moja, akimnywesha mtoto kwinini iliyosagwa kwenye sukari, mtoto akiitema na yeye akiikusanya tena kwa kijiko, alisema bila kuinua macho:

"Hooyo, mimi nakuheshimu. Lakini hii nyumba iko na kitu. Mtoto akishikwa tena, nampeleka Nanyuki kwa mama yangu. Atakaa huko, asome huko."

Hooyo ni mama kwa Kisomali, na Falis hakuwahi kumwita mama mkwe wake kwa jina lingine. Ndiyo maana maneno yale yaliuma. Hayakusemwa kwa hasira. Asho aliona kwamba huyu mwanamke ameshaamua, na kwamba ana haki. Aliona pia mlango wake bila kile kitoto kando yake.

Siku chache baadaye bwana afya alipita. Alikuwa kijana wa kutoka Nyeri aitwaye Kiragu, mwenye baiskeli, kofia, na upawa mweupe wenye mpini mrefu aliouchovya katika kila shimo la mji. Watoto walimfuata wakimwita Bwana Supu. Hakujali. Kuna watu wanaopenda mpira na kuna wanaopenda mbu, na Kiragu alikuwa wa kundi la pili.

"Habari ya hapa, mama?"

"Nzuri. Karibu. Hiyo kijiko ni ya nini?"

Hilo lilikuwa kosa la Kiragu, kuingia ua wa Asho akiwa na kitu ambacho mwenye ua hakifahamu. Alikaa hapo mpaka jua likageuka. Alimwonyesha pipa la maji, akamwambia alifunike. Alipiga magoti kando ya shimo la maji machafu ya kuogea, suruali ya kazi ikalowa, akachota, akamwita aone. Ndani ya upawa vidudu vilining'inia vichwa chini, mikia ikigusa uso wa maji.

"Hawa ni watoto wa mbu," Kiragu akasema. "Lakini angalia vile wamening'inia. Hawa si wa malaria. Hawa wakikua ni kelele na kujikuna tu."

"Na wa malaria anakaa vipi?"

"Yule analala. Analala juu ya maji mzima mzima, kama fimbo imeanguka. Na akiwa mkubwa, akikaa kwa ukuta, anainua matako juu. Halafu yule ana maringo, mama. Hataki choo, hataki mtaro. Anataka maji safi, imetulia, imepigwa na jua."

"Kumbe ni msafi kuliko mimi!"

Kiragu alicheka. Walizunguka ua wote pamoja, wakainua sufuria, wakapekua matairi ya zamani ya Guleid. Hawakumwona yule wa kulala. Kiragu aliuliza nyuma ya ukuta kuna nini, Asho akamwambia ni hori la sadaka la marehemu mume wake. Kijana akapanda juu ya jiwe akachungulia. Siku ile ilikuwa ya soko. Aliona migongo ya mbuzi imebanana, haionekani hata ardhi, na maji ya hori yakishuka haraka.

"Hiyo haina neno," akasema. "Maji ikinywewa ikaisha kila siku, mtoto wa mbu hana nafasi ya kukua. Yeye anataka kama wiki na kidogo bila kusumbuliwa."

"Alhamdulillahi," Asho akasema.

Kiragu alifunga upawa wake kwenye baiskeli. Akiwa mguu mmoja juu ya pedali, akaongeza kama mtu anayependa kazi yake na hataki kuondoka, "Wajua, mama, si lazima maji iwe nyingi. Hata mguu wa ng'ombe ukizama kwa matope, ile shimo ikijaa maji, inamtosha kabisa."

Asho alikuwa amefungua kinywa kuuliza swali lingine. Alikifunga. Kiragu akaaga akaenda zake, na yeye akabaki amesimama hapo hapo uani, mkono kiunoni, akisikia mbuzi wakinywa.

Naomba msomaji amwelewe. Nyuma ya ukuta ule udongo ni mweusi, ule unaoshika maji na usiyaachilie. Mfereji wa Robow ulidondoka kidogo kila siku, wanyama walisukumana wakayamwaga, na kwato zao zikazama. Siku za mvua wafugaji walikuwa na mabwawa yao huko porini, hawaji sana. Ni kiangazi ndipo njia yote ilipogeukia hori la Robow. Asho hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa na akili ya kuunganisha mambo tangu zamani, na sasa mambo yalijiunganisha yenyewe bila kumuuliza: kiangazi, dirisha la nyuma, kwato. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na swali ambalo hakutaka jibu lake.

Basi akajitia hamnazo. Alifunika pipa. Akafyeka kichaka kilichokuwa kimeshakauka chenyewe. Akaongeza kiraka kwenye chandarua, akafukiza ubani, akalitupa tairi moja, akamgombeza Gacheri kwa sababu ya kopo lililokuwa nje ya duka. Alifanya kila kitu isipokuwa kuzunguka nyuma ya ukuta na kutazama chini. Mfereji aliufungua kwa mkono huku macho yakiangalia mbali. Mimi simlaumu sana, lakini simsifu pia. Angeinama siku ile ile, yaliyofuata pengine yasingetokea.

Yaliyofuata ni degedege. Mchana mweupe, Isnino akiwa mapajani mwa mama yake, macho yaligeuka yakawa meupe na mwili ukakakamaa. Falis alipiga yowe. Asho alimnyakua mtoto akakimbia naye hospitalini bila viatu, shela ikaanguka njiani na hakuirudia. Walimdunga sindano, wakamlaza, wakampoza kwa vitambaa vya maji. Kwa muda ambao Asho hakutaka kuukumbuka tena, mtoto hakumjua mtu. Halafu akafungua macho, akamwangalia bibi yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Ayeyo, viatu yako iko wapi?"

Asho alilia mbele ya wauguzi.

Waliporudi nyumbani Falis alitandaza shuka sakafuni akaanza kukunja nguo. Guleid alikuwa Garbatulla, na lori lilitarajiwa wiki hiyo au inayofuata, kutegemea barabara. "Likifika tunapanda," Falis alisema. "Mimi na mtoto." Asho akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua bakuli jeupe la chai, akazunguka nyuma ya ukuta, akainama.

Alama za kwato zilikuwa zimejaa hapo kama vikombe vilivyopangwa, kila moja na maji yake maangavu, na jua limeingia hadi chini. Hata yeye aliona jinsi yalivyo mazuri. Alichota kwenye moja. Hakuona kitu. Alingoja bakuli litulie, kama Kiragu alivyongoja, na hapo akawaona: vijiti vidogo, vyembamba kuliko uzi, vimelala juu ya maji mzima mzima. Alipokisogeza kidole vilikimbia kinyumenyume. Alijaribu shimo la pili, na la tatu. Wote walikuwa wamelala.

Hata hivyo hakukubali haraka, maana Mama Kwa Nini hakuwa mtu wa kukubali haraka. Aliwatia katika chupa ya jamu pamoja na maji yao, akaifunika kwa kipande cha shela, akaiweka dirishani. Kila asubuhi aliitazama. Vijiti vilinenepa, vikajikunja, vikawa na vichwa vikubwa kama koma za kitabuni. Kisha siku moja kulikuwa na mbu ndani, amekaa kwenye kioo, kichwa chini na matako juu. Alionekana kama mtu aliyesujudu, na Asho akaona vibaya kwa kumfananisha hivyo, lakini ndivyo alivyokaa.

Asho alimwonyesha Falis chupa. Hakumficha neno.

"Ni maji ya Robow," alisema. "Ni mimi nafungua kila siku. Mimi ndiyo nalisha hawa, halafu wanakuja kula mtoto wetu."

Alitegemea kulaumiwa. Falis alitazama chupa muda mrefu, akamtazama mama mkwe, akarudi kwenye nguo zake. Asho akaingia ndani, akatoa spana kwenye sanduku la marehemu, akaufunga mfereji kwenye bomba kubwa mpaka mkono ukamuuma. Hori likakauka siku ile ile, jua la Isiolo si mchezo. Akarudi mlangoni akashika tama. Aliona amemvunjia mume wake ahadi ya pekee aliyomwomba, na hata kama alikuwa na sababu, moyo haukutaka kusikia sababu.

Siku ya soko Halkano akatokea na mbuzi wake. Walitoka mbali, na kiangazi kilikuwa kimewala mpaka mbavu zikahesabika. Walipolinusa hori walikimbia wakilia, wakapandana, wakakuta saruji kavu. Wakaanza kuilamba.

"Salaam aleikum, Mama Guleid. Hori imekufa?"

"Aleikum salaam. Haikufa. Nimeifunga." Asho alikuwa ametoka nje ya ukuta, na chupa yake mkononi. "Watoto ya mbu inakaa ndani ya mguu ya mbuzi yako, Halkano. Hapa, kwa matope. Inatoka hapa inaingia kwa dirisha ya Isnino."

Halkano alicheka kwanza. Halafu alipewa chupa. Aliinyanyua juani, akafumba jicho moja, akaigeuza taratibu, akamwona mmoja akiwa nusu nje ya ganda lake, akijitoa mguu baada ya mguu. Kicheko kilimtoka usoni. Alimtazama yule mbu mpaka akamaliza kutoka.

"Kumbe ndiye huyu," akasema.

"Ndiye."

"Na sisi tunasema maziwa." Akamrudishia chupa kwa mikono miwili. "Basi sawa. Mtoto kwanza."

Akapiga mluzi akawageuza mbuzi kuelekea kisima cha ng'ambo ya pili ya mji. Baadhi walikataa kuliacha hori, ikabidi awavute kwa masikio. Asho alisimama akingoja, bila kujijua, ile dua. Haikuja. Halkano hakuwa na nia mbaya, ila dua yake ilikuwa ya kushukuru maji, na maji hakunywa mtu. Vumbi la mbuzi likapanda njia, na Asho akaweka kiganja mdomoni kujizuia.

Falis aliyaona yote kutoka dirisha la nyuma, Isnino akiwa begani mwake. Nguo zilikuwa zimeshafungwa. Alitoka nje, akazunguka ukuta, akampokonya Asho ile chupa.

"Hooyo, huyu anakaa ndani ya maji siku ngapi kabla ya kuruka?"

Asho alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Bwana afya alisema wiki na kidogo."

"Akisumbuliwa katikati?"

"Anakufa. Maji ikiondoka anakufa."

"Na soko ni kila wiki." Falis aliangalia chini, kwenye vishimo vilivyoanza kupasuka kwa jua. "Kwa nini basi unafunga maji? Kwa nini tusivunje hii mashimo kila baada ya soko? Tunajaza mchanga ya laga, hiyo mto imekauka, tunapiga jembe, inakuwa sawa. Wakija tena, tunavunja tena."

Asho alimkodolea macho. Swali lilikuwa jepesi mno, na yeye, aliyeuliza maswali maisha yake yote, hakuwa amelifikia. Alikuwa ameliona jambo lenyewe kwa macho mawili tu: ama Robow, ama mtoto.

"Ni kazi ya kila wiki," alisema polepole. "Mpaka lini? Na wewe unaenda."

Falis alimkabidhi Isnino kwa bibi yake, akaichukua ile spana ukutani, akauendea mfereji. Maji yalikohoa, yakatema kutu, yakaja. Kisha akapandisha sauti ambayo Chechelesi haikuwahi kuisikia ikitoka kwake:

"Mzee Halkano! Rudi! Rudi na mbuzi! Lakini mkishakunywa mtafanya kazi!"

Mbuzi ndio waliosikia kwanza. Walirudi mbio bila kumngoja mwenyewe.

Walipomaliza kunywa, Halkano aliinua mikono yake akamwombea Robow kama alivyozoea, kwa sauti ile ile. Asho aliitikia "Amina," safari hii akiwa nje mbele yake, mtoto kiunoni. Na Falis, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuitikia dua ile kwa sababu hakumjua Robow, naye akasema "Amina." Kisha akampa Halkano jembe. Mzee aliligeuza mkononi kama kitu cha kabila lingine, maana Mborana wa rika lake hakulima hata siku moja, lakini alilishusha matopeni. Asho alienda kumkopa Gacheri reki. Walivunja, wakasawazisha, wakamwaga mchanga, wakakanyaga. Isnino alikanyaga zaidi ya wote.

Hapo ndipo lori la Guleid lilipopiga honi. Alishuka na vumbi la Garbatulla mpaka kwenye kope, akiwa na habari zote za degedege alizozipata njiani na roho iko juu. Alikuta mama yake, mke wake, mtoto wake na mfugaji mmoja wakiwa na matope hadi magotini.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu amekufa," Falis alisema. "Vua viatu. Na hiyo beleshi ya kuchimbua lori, leta."

Guleid alimtazama mama yake, akamtazama mke wake. "Niliambiwa mnangoja kwenda Nanyuki. Mizigo iko wapi?"

Falis alimwinua Isnino kutoka kwenye shimo moja, akalisawazisha lile shimo kwa kisigino, akampeleka mtoto kwenye lingine.

"Nanyuki haihami," alisema. "Leta beleshi."

Asho aligeuza uso upande wa ukuta, akalia waziwazi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.